Binti Aliyeanza Kuuogopa Ulingo

Kila asubuhi huko Bukom, mtaa wa wavuvi na mabondia, Korkor alianza siku kwa kelele.

"Odarkor! Donge lako la kenkey linapoa! Unakula au nimpe mbuzi?"

Binti yake alijifunika shuka. Zamani alikuwa wa kwanza kufika kwenye mazoezi ya ndondi. Lakini tangu achaguliwe timu ya mkoa, alitapika kila akivaa glavu.

"Anadeka tu," alisema baba yake, Ayitey. "Mtoto wa jirani yetu Lamptey yuko ufukweni anakimbia. Wewe umelala kama gunia! Ukipigwa kwenye pambano la Jumamosi, utanitia aibu Bukom nzima."

"Jamani!" Korkor alifoka. "Mtoto hali, halali, na wewe domo halifungi!"

"Namtia moyo."

"Moyo gani? Unamtia homa!"

Siku hiyo Odarkor alivua glavu katikati ya mazoezi. Akakaa chini, akalia. "Sitaki tena," alisema.

Kocha wake, Dedei, aliyewahi kuwa bondia, akawaita wazazi.

"Zahanati wamempima, tumbo lake ni zima," alisema. "Anaumwa hofu. Mchezaji anayecheza kwa kuupenda mchezo, hata akishindwa hurudi. Anayecheza kwa kuogopa aibu anaweza kushinda, lakini akili inachoka. Mwisho anauchukia mchezo wenyewe."

"Kwa hiyo nimwache alale?" Ayitey aliuliza kwa hasira.

"Nani kasema alale? Kazi atafanya. Lakini sifu juhudi yake. Muulize yeye anataka nini. Acha kumlinganisha na watoto wa watu. Na ajue unampenda hata akipigwa."

Ayitey alisonya. Jioni, Odarkor aliporudi, akaanza, "Mtoto wa Lamp..." Korkor akamkata jicho. Ayitey akajikuna kichwa. Kisha akauliza, kama mtu anayemeza dawa chungu, "Ungependa kujifunza nini?"

Odarkor alishangaa. "Kukwepa konde la kushoto."

"Haya, nionyeshe."

Wakakwepana uani mpaka sufuria ikapinduka. Korkor aligomba, lakini alimwona binti yake akicheka. Usiku ule Odarkor alilala vizuri. Kesho yake alivaa glavu bila kutapika.

Jumamosi alishindwa kwa pointi. Ayitey alishika kichwa. Odarkor akashuka ulingoni, mdomo umevimba, macho yanang'aa.

"Baba, umemwona mpinzani wangu alivyopiga hewa nilipokwepa? Jumatatu nataka nianze mapema!"

Ayitey alishusha mikono kutoka kichwani. Akapumua.

"Nimemwona, mwanangu. Njoo nikuwekee barafu."