Kamba Kati ya Mapaa Mawili

Honi ya pikapu ililia tena, na safari hii Kipara hakuinua kiganja. Aliikandamiza tu, huku akitazama kwenye kioo cha pembeni jinsi maji yalivyokuwa yanakata kona ya duka la dawa na kuingia mtaani. Hayakuwa tena maji ya mvua. Yalikuwa ya mto, mazito, rangi ya kutu, na yalikuwa yamebeba viti vya plastiki, mlango mzima, na mbwa aliyekuwa bado anapiga miguu.

"Shemeji! Mtoe huyo mzee, au naondoka!"

Alikuwa anasema hivyo tangu alipofika, na hakuondoka. Tangu alfajiri alikuwa akipandisha watu wa mtaa kwenye shule ya mlimani, na katika zamu ya mwisho alimchukua mume wa Mama Pacha pamoja na pacha wenyewe. Mume huyo alikuwa amegombana na baba yake mpaka sauti ikamkauka, ikabidi mkewe amwambie, "Panda na watoto. Mimi atanisikia." Kipara, rafiki yake tangu hawajaota ndevu, akaahidi kurudi kuwachukua wawili waliobaki. Na kweli alirudi, wakati magari mengine yote yalipokuwa yanakwenda upande mmoja tu.

Ndani ya bucha la mzee, maji yalikuwa yamemfika Mama Pacha juu ya magoti. Alikuwa dobi, mwanamke wa mabega mapana aliyezoea kukamua mashuka ya hoteli kwa mikono mashine zikigoma. Mbele yake baba mkwe wake, pande la mtu, nyonga ya kushoto imeharibika, alikuwa anahangaika kufunga kabati la visu.

"Baba, nakuomba. Gari linasubiri."

"Redio imetutisha tangu juzi," alisema mzee bila kugeuka. "Mafuriko nimeyaona mimi kabla hujazaliwa. Yanaingia, yanafika kwenye kaunta, yanarudi zake. Nikiondoka hapa, wezi watabeba mpaka ndoano."

"Wezi gani watakuja kwenye maji haya?"

"Nenda wewe. Watoto wanakungoja."

Tangu aolewe, Mama Pacha hakuwahi kumpandishia sauti mzee huyo, wala kumshika zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Alisimama akatweta. Ndipo friji kubwa la nyama likang'oka, likaelea, likageuka kama ng'ombe aliyeamka vibaya, likaja kumbana mzee ukutani. Mzee alitoa mguno. Mama Pacha aliliwahi kwa bega, akalisukuma, kisha akamshika baba mkwe wake mkanda wa suruali kwa nyuma na kumburuta nje kama gunia la nguo chafu.

"Wee! Unanifanya nini?"

"Utanisema tukifika, baba."

Alimtupa ndani ya pikapu, akapanda juu yake. Kipara aliondoa gari mlango ukiwa wazi.

Walifika mbali kidogo tu. Injini ilikuwa inakohoa, maji yakipanda kwenye boneti, na Kipara alikuwa anaongea nayo kwa upole, "Twende, mama, twende, usiniaibishe mbele za watu," ukuta wa kiwanda cha matofali ulipoanguka huko juu. Hawakuuona ukianguka. Walisikia mngurumo, kisha mtaa wote ukainuka. Pikapu ilibebwa kiubavu, ikazunguka, ikaparuza nguzo ya umeme iliyotoa cheche za buluu, ikapigizwa kwenye pembe ya bohari la saruji, upande wa dereva.

Kipara alipiga ukelele mmoja mfupi. Mlango ulikuwa umeingia ndani na kumkata paja.

Maji yalijaa hadi kifuani. Mama Pacha alipasua kioo cha nyuma kwa kisigino, akatoka, akampata Kipara kwapani. "Msukume, baba! Msukume!" Mzee aliingiza bega chini ya makalio ya yule kijana, akasukuma kwa nguvu ya mtu aliyebeba mizoga ya ng'ombe maisha yake yote. Kipara alitoka akilia, na damu ikatoka naye, ikitapakaa kwenye maji ya kahawia. Kutoka juu ya pikapu paa la bohari lilikuwa la kufikiwa kwa mkono. Wakampandisha, wakapanda. Mama Pacha alirudi mara moja tu, akavuta kamba ya kuvutia magari iliyokuwa nyuma ya kiti. Alipoinua mguu, pikapu ilichukuliwa.

Juu ya mabati upepo ulikuwa unapiga makofi. Mvua ilikuja kwa ubavu, inauma kama changarawe. Mzee alitazama paja la Kipara. Lilikuwa limefunguka hadi kwenye weupe, na damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Alivua mkanda wake, akauzungusha juu ya jeraha karibu na kinena, akakaza hadi Kipara akamtukana matusi ya nguoni.

"Tukana," mzee alisema. "Tukana tu, ilimradi usilale."

Damu ilipungua, ikawa ya kuchuruzika. Mama Pacha alikinga mvua kwa kiganja akamnywesha. Chini yao mtaa ulikuwa unapita: mitungi ya gesi, bajaji chali, kitanda na chandarua chake. Kisha akapita mwanamke mwenye koti la mvua la njano, kifudifudi, nywele zimetandazika. Mama Pacha alilijua koti lile. Ni la jirani aliyemuuzia nyanya asubuhi ya jana na kumwambia kwamba watu wanaokimbia mvua ni waoga. Aligeuza uso, akazidi kumkingia Kipara maji.

"Shemeji," Kipara alisema, midomo imepauka, "hili paa linapumua."

Kweli lilikuwa linapumua. Upepo uliingia chini ya mabati na kuyainua, yakarudi chini kwa kishindo, na kila yaliporudi misumari kadhaa ilikuwa imetoka. Bati la pembeni lilichomoka. Lilipaa, likajikunja hewani, likatua kwenye mti ng'ambo na kukata tawi nene kwa wepesi wa kukata ndizi.

Ng'ambo ya uchochoro, ambao sasa ulikuwa mto unaounguruma, kulikuwa na ghorofa ambalo halijaisha. Sakafu yake ya juu ilikuwa ya zege, na nondo zilikuwa zimechomoza kwenye nguzo. Mama Pacha alilitazama kwa muda.

"Mimi naogelea," alisema. "Nimekulia bwawani. Baba, shika ncha hii."

"Hayo si ya bwawani, mama."

"Na hili paa si la kukalia."

Alijifunga kamba kiunoni. Alishuka upande wa juu wa mkondo, akajitupa. Maji yalimpiga mgongoni kama mtu, yakamzamisha, yakamvingirisha. Kitu chenye manyoya kilimgonga usoni kikapita. Hakuogelea kwa kwenda mbele. Alipiga mikono kukata kwa mshazari, akiacha mkondo umbebe, mpaka goti lake lilipogonga zege. Akadaka nondo. Nondo ilimchana kiganja tangu kidoleni hadi kifundoni, naye hakuiachia. Alipanda ngazi za jengo akitambaa, akaifunga ncha yake ya kamba kwenye nguzo kwa fundo analofungia kamba za kuanikia.

Ng'ambo, aliona wanaume wawili wanabishana. Upepo ulimletea maneno vipande vipande.

"...niache mimi, mzee, we' vuka..."

"Nyamaza! Utavuka wewe."

"Mguu wenyewe..."

"Nimesema nyamaza. Umekuja kwa ajili yangu, na utatangulia kutoka."

Mzee alimfunga Kipara kifuani, akamshusha majini kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeshusha mtoto kwenye beseni. Mkondo ukamnyakua. Kamba ilikaza hadi ikaimba. Kipara alizama, akaibuka, akazama, na mkondo ukamzungusha na kumbamiza kwenye ukuta wa ghorofa. Mama Pacha alivuta. Alifunga kamba kiwikoni, akakanyaga ukingo, akavuta kama anavyovuta mashuka yaliyonasa kwenye mashine, akilia kwa hasira, hadi kichwa chenye upara cha Kipara kikatokea juu ya zege. Alikuwa anatapika maji. Mkanda ulikuwa bado umeshika.

Kamba sasa ilikuwa ya kumrudishia mzee. Mama Pacha aliifunga kipande cha tofali, akarusha. Upepo ukairudisha. Akarusha tena, ikaangukia majini. Ng'ambo, paa la bohari lilikuwa linafunguka kuanzia upande wa mbali, bati baada ya bati, kama mtu anayefungua kurasa kwa hasira. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, ameng'ang'ania mhimili, suruali bila mkanda imeshuka mapajani.

"Ruka, baba! Ruka sasa hivi, nitakurushia majini!"

Mzee hakujua kuogelea. Alimtazama mkwewe. Kisha akajiachia.

Paa lilimfuata nyuma, lote. Bati moja lilimpitia begani kabla hajazama, na Mama Pacha aliona shati likifunguka na wekundu ndani yake. Akarusha kamba mbele ya mkondo, si alipokuwa mzee bali atakapokuwa. Mkono mmoja ukatoka majini, ukadaka, ukajizungushia kamba kwenye kifundo.

Uzito wake ulimwangusha Mama Pacha kwa magoti. Kamba ilimkimbia viganjani ikimchuna ngozi, hadi ile nguzo ikaupokea uzito ule kwa mtikisiko. Kila alipovuta kidogo, mto ulidai ulichopewa.

"Niachie!" mzee alipaza sauti kutoka chini. "Utakufa bure, mama! Niachie!"

"Ukiachia nakufuata!" Mama Pacha alipiga kelele ambazo hakuwahi kumpigia mtu yeyote. "Nakufuata humo humo! Halafu pacha wako waulize mama yao yuko wapi! Shika kamba, mzee mkaidi wee, shika!"

Mzee akashika. Nyuma ya Mama Pacha mkono mwingine ulikamata kamba. Kipara alikuwa amejiburuta kwa tumbo, uso hauna damu, na alikuwa anavuta akiwa amelala chali, mguu wake mzima umekanyaga nguzo. Walivuta hadi mzee alipopanda ukingo, akaanguka kati yao kama mzigo ulioshushwa.

Giza lilipoingia walikuwa wameegemeana kwenye kona ambayo upepo haukuifikia sana. Mama Pacha alirarua kanga yake akafunga bega la mzee na viganja vyake mwenyewe. Mzee alikaa akiwa amempakata Kipara mguu, akilegeza mkanda kidogo, akiukaza tena. Kipara alikuwa anaota akiwa macho, anamwita mama yake, anaomba aletewe funguo za gari.

"Alipiga honi muda mrefu," Mama Pacha alisema, sauti imekwisha.

"Niliisikia," alijibu mzee.

Akainama kuangalia mkanda.

Boti ya waokoaji iliwakuta kulipokucha, mvua ikiwa imebaki manyunyu. Vijana wawili wenye majaketi ya kuelea walimlaza Kipara kwenye machela. Mmoja alitazama paja, akatazama mkanda, akamwambia mwenzake aharakishe. Boti ilipita juu ya mtaa wao. Mama Pacha alitafuta bucha, akaona maji tu na ncha ya bango lililopinda. Mzee hakugeuza shingo kuangalia.

Shuleni mlimani, madarasa yalikuwa yamejaa watu na harufu ya nguo mbichi. Mume wa Mama Pacha alitoka mbio, pacha wakimfuata, wakamrukia mama yao kiunoni hadi akapepesuka. Aliwakumbatia kwa viwiko, maana viganja havikugusika. Mumewe alimshika baba yake bega zima, akalitingisha.

Kipara aliingizwa darasa la mwisho, lililogeuzwa chumba cha daktari. Wakangoja kwenye baraza. Mama yake Kipara alikuwa hapo, mwanamke mwembamba mwenye kitenge kilicholowa, na daktari alipotoka alimwendea yeye kwanza. Kijana ataishi, alisema. Mguu hautabaki. Huo mkanda ndio uliomfikisha.

Mwanamke aliyumba, kisha akamgeukia mzee, akamshika mikono yote miwili. "Wameniambia ni wewe uliyemfunga. Mungu akulipe, baba. Mungu akuzidishie."

Mzee alitoa mikono yake.

"Usinishukuru," alisema. "Mwanao alikuja mlangoni kwangu maji yakiwa ya magoti. Angeondoka wakati huo, angefika hapa na miguu yake. Nilimchelewesha mimi. Niliambiwa, nikakataa."

Mama yake Kipara alimtazama kana kwamba hajaelewa lugha. Kisha akampiga kofi. Akampiga tena, kwa ngumi sasa, kifuani, kwenye bega lililofungwa kanga, na kila ngumi ilikuwa na mlio wake, na mzee alisimama tu, mikono imening'inia. Mume wa Mama Pacha alipiga hatua. Mama Pacha alimzuia kwa kiwiko.

"Muache," alisema.

Ngumi zilipungua nguvu, zikawa za kuegemea. Mwishowe mwanamke alibaki ameweka paji la uso kwenye kifua cha yule mtu, akilia bila sauti. Aliponyanyua kichwa, shavu lake lilikuwa na doa jekundu, kwa sababu jeraha la bega lilikuwa limefunguka.

Alilifuta doa kwa mgongo wa mkono, akalitazama.

"Kaa chini," alimwambia. "Unamwaga damu."

Mzee akakaa kwenye sakafu. Mwanamke alifungua ncha ya kitenge chake, akapiga magoti, akaanza kuifungua ile kanga iliyoloa.