Mkwe wa Wiki Sita

"Hatua tatu tu, mama. Ufike mlangoni."

"Miguu hii si yangu, mwanangu."

"Ni yako. Kanyaga."

Mama akakanyaga. Wiki sita nyuma alitolewa hospitali, maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, hata kijiko hakuweza kushika. Mshonaji huyu anayemhimiza sasa akafunga cherehani akahamia kwake kumuuguza. Alimgeuza kitandani asipate vidonda, alimpima joto asubuhi na jioni, alimlisha, alimwosha. Mchumba wake, mtoto pekee wa mama huyo, alikuwa safarini na lori. Aliahidi akirudi tu, ndoa.

"Nimefika!" Mama akacheka, kashika mlango.

Simu ya mama ikalia, ujumbe umeingia.

"Hebu nisomee, labda ni kliniki."

Mshonaji akasoma kwa sauti: "Mama, harusi ni Jumamosi. Mwenzangu anauliza kama utaweza kusimama kwenye picha. Yule fundi cherehani usimwambie mpaka upone kabisa."

Mama akaangalia sakafu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali. Ningekwambia, nani angenigeuza?"

Mshonaji akampigia mchumba, akaweka sauti ya juu.

"Mpenzi! Mama vipi?"

"Anatembea. Picha zitatoka vizuri."

Dereva akakohoa.

"Sikia... mwenzangu hawezi mambo ya wagonjwa. Anaona kinyaa."

"Na mimi?"

"Wewe una moyo. Malizia basi hizi wiki mbili mpaka apone, nakuomba."

"Mwambie huyo bibi harusi dawa ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mama akitetemeka au akianza kuropoka, mkimbizeni hospitali, msingoje kupambazuke. Mimi natoka."

"Mwanangu, nakupenda kama binti yangu," mama akalia.

"Binti hafichwi hivyo, mama."

Akamketisha kitini, akamwita jirani akae naye, akabeba begi lake.

Ijumaa mama akapiga simu, sauti imekauka.

"Yule msichana alikuja jana. Nikamwomba anipeleke chooni. Akaita gari, akaondoka. Asubuhi karudisha pete."

"Pole, mama."

"Kijana wangu yuko huru sasa. Rudi, mwanangu."

"Hata mimi niko huru, mama."

Akakata simu.