Kilichokaa Kooni mwa Thaddeus

Asubuhi hiyo Ernestine alikwenda kuosha beseni ambalo mumewe alikuwa amesukutulia, akakuta unywele mmoja wa mvi, mrefu kama kidole, umejikunja ndani ya makohozi. Thaddeus Gaskins alikuwa na miaka ishirini na sita, na nywele zake nyeusi tii. Ernestine aliuinua kwa kijiti. Ulinuka maji ya maua yaliyosahaulika chomboni. Akaumwaga, akanawa mikono mara mbili, akajiambia ni uchafu wa kwa kinyozi.

Wakati huo mitaa yote ya weusi wa Baltimore ilimjua Thaddeus. Alikuwa besi, mwimbaji wa sauti nzito ya chini, wa kundi la Korongo, vijana watano walioanza kuimba bila ala kwenye ngazi za jengo la kona, kwa kuwa pale sauti zilivuma vizuri. Lakini zamani hakuwa besi. Alikuwa na kisauti chembamba, na kwaya ya kanisa ilimficha mstari wa nyuma. Besi alikuwa Ollie Crump, hadi Ollie alipokufa kwa ugonjwa wa kuoza koo. Siku ya maziko, Ernestine alimwona mumewe nyuma ya kanisa akiwa na kichupa cha marehemu, kile cha asali na wiski ambacho Ollie alikuwa akinywa na kutemea humo humo miezi yake ya mwisho. Thaddeus alikinywa chote, akalamba na mdomo wa chupa. Ernestine hakusema kitu, kwa sababu Jumapili iliyofuata mumewe aliimba na viti vya kanisa vikatetemeka. Baadaye zikaja sahani za santuri, redio, na suti za samawati.

Sasa akaanza kuyaona mengine. Pumzi ya Thaddeus ilinuka kama kamba waliokufa kwenye ndoo. Mkate wa mahindi alikuwa akiusukuma pembeni, akila maini mabichi ya nguruwe kwa vidole, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Yakaange basi, mume wangu."

"Yakikaangwa hayateremki," alisema, akafunika mdomo haraka, kama mtu aliyesema siri ya mwenzake.

Jumamosi mchana Korongo walifanya mazoezi chumba cha nyuma cha kinyozi. Ernestine alikuwepo, mtoto wao Lurleen mapajani. Katikati ya wimbo Thaddeus akainua glasi, akanywa maji. Koo lake lilipanda na kushuka, gudu, gudu, gudu. Na besi ikaendelea kuimba.

Wanne wale wakanyamaza mmoja mmoja. Besi ikabaki peke yake, nene, imelowa, ikitoka kwa mtu anayekunywa maji.

"Thad," Wendell Pettiford, kiongozi wao, alinong'ona, "huo mchezo umejifunzia wapi?"

"Mchezo gani?"

"Acha utani, kaka. Nani alikuwa anaimba?"

Thaddeus aliweka glasi chini. Juu ya maji kulielea utando wa kijivu.

Siku mbili baadaye, jua likiwa limejaa dirishani, Ernestine alirudi ndani kutoka kuanika nepi uani, akamkuta Thaddeus ameinama juu ya kitanda cha mtoto, macho yamefumbwa kama mtu aliyesinzia, mdomo wazi kupita mdomo wa binadamu unavyoweza kufunguka, na udenda wa kijivu ukimning'inia hadi kwenye midomo ya Lurleen, na juu ya udenda ule, nyuma ya ulimi, kikichungulia kama konokono anayepima njia, kulikuwa na kinyama cheupe chenye mvi mvi, na kinyama kile kilikuwa na mdomo wake, na mdomo ule ulikuwa unamwimbia mtoto wimbo wa kulala, polepole, kwa sauti ya Ollie Crump.

Alimnyakua mtoto, akampangusa midomo kwa sketi yake hadi ikawa myekundu. Kisha akatapika mlangoni.

Jioni ile ile alimleta Bibi Arzula, mganga wa mizizi aliyetoka visiwa vya Carolina.

"Ulijua tangu lini, binti?" bibi aliuliza.

"Tangu kwenye maziko."

"Na ukanyamaza."

"Ilikuwa sauti nzuri, bibi."

Bibi Arzula alimfunga Thaddeus kwenye kiti, akamnywesha maji ya chumvi na pilipili, akamshikia kipande cha ini karibu na meno. "Toka, mla watu! Chakula kiko huku." Koo likavimba kama la chura. Kile kitu kikateleza nje taratibu, kirefu kuliko walivyodhani, kikiburuta nywele na harufu iliyowatoa machozi, kikaangukia ini. Ernestine mwenyewe alikishika kwa koleo, akakitupa ndani ya jiko la makaa ya mawe. Kiliimba kilipokuwa kinaungua, noti ya chini kabisa, tamu ajabu, na Thaddeus akalia kama mtu anayezika mama yake.

Siku ya pili Wendell alikuja kumchukua. Walikuwa na onyesho Philadelphia. "Nipe ya chini, kaka." Thaddeus akafungua mdomo. Kikatoka kile kisauti chembamba cha zamani. Wendell alivaa kofia yake.

"Pumzika, Thad," alisema. "Pole, shemeji." Akaondoka.

Ernestine alikwenda kumwogesha mtoto. Aliporudi jikoni akiwa amembeba ndani ya taulo, mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Thaddeus amepiga magoti mbele yake, midomo na meno ya kijivu, akichota majivu kwa kijiko cha mtoto, akimeza kwa shida, kisha akiijaribu ile noti ya chini.

"Sikiliza, mke wangu," alisema, akitabasamu. "Inashuka."

Na kweli ilikuwa inashuka.

Akachota kijiko kingine. Ernestine hakuchukua hata koti. Alitoka na mtoto kwenye taulo lenye maji, akaacha mlango wazi, na hadi kona ya tatu alikuwa bado anatema mate barabarani.