Nani Kazama Leo?

Jioni ile nilikuwa nimebeba betri mbili za rimoti na hasira zangu. Betri zilikuwa za Shangazi. Hasira zilitokana na bibi harusi mmoja aliyenenepa mwenyewe, halafu akasema fundi ndiye aliyekosea vipimo. Nilifunga cherehani saa kumi na mbili na nusu, nikakaza mwendo. Tamthilia ilianza saa moja kamili, na Shangazi hakubali kukosa hata wimbo wa mwanzo.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea. Macho yalimwacha miaka sita iliyopita, lakini televisheni hakuiuza. "Nawasikia wanavyopumua," ndivyo husema.

Na hiyo tamthilia yenyewe, Mungu anisamehe! Watu wanane wamefungiwa kwenye kiwanda kilichokufa. Kila kipindi wanasimamishwa juu ya mbao, chini yao shimo la tope. Kengele inalia. Mbao zinaanza kuondolewa. Mmoja anazama. Atakayebaki wa mwisho anatoka tajiri. Wanaongea lugha nisiyojua hata ni ya wapi, ila maandishi ya Kiswahili yanapita chini, na mimi ndiye msomaji.

Majina yao yalinishinda ulimi. Basi siku ya kwanza tukawapa ya kwetu, ili Shangazi asichanganyikiwe. Mwenye kitambi tukamwita Bucha, kama yule muuza nyama wetu, bucha wa kona. Mkosoaji wa wenzake, Mwalimu. Mwenye utani, Dereva, kama yule jirani yangu wa nyumba ya pili, baba wa watoto wanne. Wengine wanne hawakufanana na mtu, tukawaacha hivyohivyo. Na kulikuwa na binti mwenye alama nyeusi kidevuni, mjanja kuliko wote.

"Huyo mpe Kidoti," Shangazi alisema.

Kidoti ni mwanangu, naye ana alama kama hiyo kidevuni. Ana miaka kumi na miwili. Nilicheka, nikampa.

Sasa jioni hiyo ya betri, ubao wa Bucha ukavutwa. Nikasoma: "Nisaidieni… naombeni mkono…" Hakuna aliyempa mkono. Tope likaingia puani, likaingia mdomoni, mapovu yakapanda. Kimya.

"Nani kazama leo?" Shangazi akauliza.

"Bucha, Shangazi."

Akaanza kutafuna.

Sikuwa nimempa kitu. Alitafuna taratibu, mashavu yakicheza, koo likipanda na kushuka. Halafu akaninyooshea uso nimfute, kama mtoto aliyeshiba uji. Kitambaa kikatoka cheusi. Kilinuka maji ya mtaro. Nikasema moyoni, uzee huu jamani, nikakitupa kwenye beseni na kunawa mikono mara mbili.

Asubuhi bucha wa kona hakufungua. Walimkuta kitandani. Mashuka makavu, sakafu kavu.

Mdomo umejaa tope.

Hayo ya tope sikuyajua siku ile. Nilisikia tu amekufa usingizini, nikampa pole mkewe, nikarudi kazini. Kwa hiyo wiki ile nilisoma tena. Wawili wasio na majina walizama, na Shangazi hakutafuna. Alinuna, akalala bila kuaga.

Kisha akazama Mwalimu. Hapa niseme ukweli, maana unanitia kinyaa mpaka leo. Mwalimu wetu wa mtaani aliwahi kuniambia mwanangu ni kichwa maji, na sikuwahi kumsamehe. Yule wa kwenye televisheni alipozama mpaka shingoni, mimi nilikuwa nakula karanga. Niliona raha! "Zama huko," nilisema, karanga zimejaa mdomoni, na Shangazi akacheka kwa kuvuta pumzi.

Kesho yake Mwalimu alikutwa kwenye kiti chake. Msibani, mmoja wa wanawake waliomwosha alininong'oneza, "Dada, tumemtoa tope kinywani, haliishi. Kama bucha vilevile."

Nikakumbuka kile kitambaa. Nilitapika nyuma ya choo mpaka nikatoa nyongo.

Sikuenda tena. Nilituma ujumbe kwamba naumwa. Vipindi viwili vikapita, nikaambiwa na wateja kwamba waliobaki juu ya mbao ni wawili tu. Siku ya fainali, saa kumi na moja jioni, Shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, njoo unisomee."

"Shangazi… ni wewe unayewala?"

Nilisikia mate yakizunguka kinywani mwake.

"Walichukua macho," akasema kwa sauti ndogo, "wakaniachia njaa."

"Kina nani?"

"Usipokuja, nitamchagua mwenyewe. Wamebaki Dereva na Kidoti, sivyo?"

Nilikwenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Chumba kilikuwa kinanuka. Si uchafu wa kawaida, maana kila asubuhi analetewa maji na kubadilishiwa shuka. Ni harufu ya kitu kilicholala chini ya maji muda mrefu… kikafufuliwa. Nikakaa kwenye stuli, mbali na mkono wake. Kengele ikalia.

Nilimwomba Mungu Dereva azame. Baba wa watoto wanne, aliyewahi kunibebea cherehani mgongoni mvua ikinyesha. Nilimwomba kwa jina lake.

Ubao uliovutwa ulikuwa wa Kidoti.

Binti alikwenda chini bila kelele. Kiuno. Kifua. Tope likafika kwenye ile alama ya kidevuni, likaifunika. Vidole vikabaki juu vikikunjuka na kukunjika, na mimi nikashika mdomo wangu kwa mikono miwili.

"Nani kazama leo?"

"Hakuna, Shangazi. Wote wamepona."

"Kengele imelia. Nimemsikia akimeza." Akanigeuzia yale macho meupe. "Nani… kazama… leo?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Dereva," nikasema.

"Soma tena."

"Imeandikwa Dereva."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Halafu mashavu yakaanza kucheza, na safari hii nilisikia sauti yake, kwatu, kwatu, kama mtu akitembea kwenye matope. Uchafu ukamtiririka kidevuni mpaka kifuani. Akaninyooshea uso. Sikumfuta. Nilikimbia na kiatu kimoja.

Nyumbani Kidoti alikuwa mezani na hesabu zake. Nikamshika mataya, nikamfungua kinywa kwa vidole, nikachungulia mpaka kooni.

"Mama, unaniumiza! Una nini wewe?"

Meno meupe. Ulimi safi. Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Na dirishani ikaingia sauti ya Dereva, kule nyumba ya pili, akiwatania watoto wake, nao wanacheka mpaka wanakohoa. Alikuwa mzima kabisa. Ningeweza kwenda kumgongea.

Nilifunga dirisha.

Wamemzika juzi. Mjane aliletwa kwangu nimshonee gauni la msiba. Nilimpima mabega bila kumtazama usoni, akadhani ni huruma. "Ahsante, jirani. Wewe una moyo," akaniambia. Alinishukuru mimi!

Leo mchana Kidoti karudi kutoka shule mapema, kachangamka.

"Mama, jana ulipokuwa kwa mjane nilikwenda kwa Bibi. Msimu mpya umeanza!"

Mkasi ulinidondoka. "Nani kakutuma?"

"Bibi mwenyewe. Eti kuanzia sasa nisome mimi, wewe husomi yaliyoandikwa."

Alijua, kumbe. Alijua tangu siku ile, na bado alikula.

"Mmewapa majina?"

"Mmoja tu. Kuna mama anawashonea wenzake nguo zilizochanika, mpole huyo! Nimempa jina lako. Bibi kafurahi kweli."

"Na jana… nani kazama?"

"Bado, jana walikuwa wanatambulishwa. Kengele ni kesho."

Kumzuia nimzuie vipi, wakati jina limeshatolewa na bibi kizee anaweza kuchagua mwenyewe? Mtoto lazima aende. Lazima aseme jina, na lisiwe langu. Shida ni kwamba Kidoti hajui kusema uongo, nimemlea hivyo. Lakini nadhani naweza kumfundisha, na Shangazi, kumbe, hajali ukweli maadamu apate cha kutafuna. Kilichobaki ni kumtafutia mtoto jina la kutaja. Nimekaa hapa tangu saa tisa, napitia majirani, nyumba kwa nyumba.