Cheruto Hakuinua Mkono

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi, kabla bendera haijapandishwa katika shule yao ya Ndabibi, Cheruto alisimama peke yake nyuma ya madarasa akizoesha midomo. Kwanza alipuliza hewa tupu, midomo ikitetemeka kama ya punda, kisha akaiweka tarumbeta kinywani. Shule ilikuwa na tarumbeta moja tu, kuukuu, iliyobonyea ubavuni. Katika Gredi ya Nane yote, ni yeye pekee aliyeweza kuitoa noti ya juu kabisa bila kuikwaruza. Wanafunzi waliochelewa waliisikia noti hiyo wakiwa bado kwenye mashamba ya viazi, wakaanza kukimbia.

"Watu hudhani tarumbeta hupigwa kwa mapafu," Mwalimu Jerop, aliyewafundisha muziki, alizoea kusema. "Mdomo wa chini ndio usukani. Utunze mdomo wako, Cheruto. Muhula ujao tunaenda Nakuru kwenye mashindano, na sina mwingine wa kumpeleka."

Cheruto aliutunza mdomo. Jino hakulitunza. Gego moja la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeanza kumuuma tangu likizo. Alitafuna upande wa kulia, akabana punje ya karafuu kwenye tundu la jino, akanyamaza.

Nyumbani kwao maumivu hayakuwa habari ya kuzungumzwa. Nyanya yake, Kogo Jepleting, hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini. Yaling'olewa kwa chuma alipokuwa msichana, kama desturi ya zamani ilivyotaka, na ilisemekana hakupepesa hata jicho. Ukoo ulipokutana, kisa hicho kilisimuliwa kabla chai haijapoa. Aliyekisimulia kwa fahari kuliko wote alikuwa Kipngetich, baba yake Cheruto, fundi wa mabomba ya mvuke huko Olkaria. Kogo mwenyewe hakukisimulia. Alisikiliza tu, macho yake yakiwa kwenye kikombe.

Siku shavu la Cheruto lilipovimba hadi jicho likawa dogo, hapakuwa tena na la kuficha. Mama yake alifanya kazi Nairobi na alirudi mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo baba aliomba ruhusa kazini, akampeleka kwa daktari wa meno mjini Naivasha.

Daktari Yaseen alikuwa kijana mpole, mwenye wagonjwa wengi waliojipanga hadi nje ya mlango. Alilichunguza jino, akalipiga picha, akasema linaweza kuokolewa. Angesafisha mizizi yake kwa sindano nyembamba, aijaze dawa, kisha azibe.

"Nimekudunga ganzi," alimwambia Cheruto. "Utasikia nikisukuma, hiyo ni kawaida. Lakini ukisikia kitu kama umeme, au moto umekimbia hadi kidevuni, inua mkono wa kushoto. Nitasimama hapo hapo. Tumeelewana?"

"Ndiyo, daktari."

Kipngetich, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka. "Huyu hainui mkono, daktari. Huyu ni mjukuu wa Jepleting."

"Basi nimepata mgonjwa mzuri," daktari akasema, naye akacheka.

Kazi iliendelea vizuri hadi daktari alipoanza kujaza ile dawa. Ghafla umeme ulitoka kwenye jino, ukapita ndani ya taya, ukapasukia kwenye mdomo wa chini. Cheruto aliona weupe. Vidole vya mkono wake wa kushoto viliachia kiti. Kisha akamwona baba yake pale mlangoni, amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Vidole vikarudi, vikashika kiti kwa nguvu.

"Uko sawa?" daktari aliuliza bila kuinua macho.

"Yuko sawa," baba akajibu.

Daktari aliendelea na kazi.

Walipokuwa wanaondoka, Daktari Yaseen aliwaambia jambo moja zaidi. "Ganzi itaisha jioni. Mdomo ukiwa bado umelala kesho asubuhi, nipigieni simu mapema. Msingoje."

Asubuhi ilifika na mdomo haukuwa umeamka. Upande wa kushoto, kuanzia katikati ya mdomo wa chini hadi kidevuni, ulikuwa kama ngozi ya mtu mwingine. Cheruto aliufinya kwa kucha, asisikie kitu. Kutoka jikoni alimsikia baba yake akizungumza kwa simu na kaka yake aliyeishi Kikopey.

"Hakusogea, nakuambia. Hata kidole. Daktari mwenyewe alishangaa." Baba alimwona mlangoni, akashusha simu kidogo. "Umeamkaje, shujaa?"

Cheruto alikuwa na neno tayari kinywani. Alitazama ile simu, akalibadilisha.

"Salama, Baba."

Alikunywa chai. Kogo alimtazama, akamwonyesha kidevu chake mwenyewe kwa kidole. Chai ilikuwa ikimdondoka Cheruto hadi kwenye sweta, naye hakuwa na habari.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alipoweka tarumbeta mdomoni, hewa ilitoroka pembeni na sauti ikatoka kama ya mbuzi mwenye mafua. Alijaribu tena, na tena. Hakujua mdomo wake ulipoanzia wala chuma kilipoishia. Siku ya kupandisha bendera, noti ya kwanza ilivunjika mbele ya shule nzima na mate yakamtiririka kidevuni.

"Jamani, bomba la Olkaria limepasuka," Karanja, mpiga ngoma, akasema nyuma yake. "Mwiteni babake alete spana."

Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bomba. Alipopita walisema, "Sasa, Bomba? Leo umezibwa?" Akaanza kutembea na leso kwenye kiganja. Alijifunza kucheka huku ameufunika mdomo. Kila mtu aliyemuuliza alimjibu kwamba ni kidonda kidogo tu, kinapona.

Majuma yalipita. Jino lenyewe likaikataa dawa, shavu likavimba tena, na baba akamrudisha Naivasha. Safari hii Daktari Yaseen aliamua kuling'oa. Kabla ya kudunga sindano aliuliza, "Tangu siku ile, mdomo uliamka vizuri?"

"Uliamka," baba akasema. "Hajalalamika hata mara moja."

Daktari alimtazama Cheruto. Cheruto akatikisa kichwa kukubali. Moyoni alijiambia kwamba jino ndilo lililoukamata mdomo. Likitoka, mdomo utaachiliwa, na hakuna atakayejua. Jino lilitoka. Mdomo haukuachiliwa. Badala yake, jioni nyingine kidevu kile kile kisichosikia kitu kilianza kuwaka kama kimepakwa pilipili.

Aliyevunja ukimya huo ni Mwalimu Jerop. Walikuwa mazoezini, Cheruto amefumba macho, analazimisha noti ya juu. Mwalimu alimshika mkono, akaiondoa tarumbeta taratibu. Kinywa cha tarumbeta kilikuwa chekundu. Cheruto alikuwa ameung'ata mdomo wake hadi ukapasuka.

"Hukusikia?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia, mwalimu. Ni kidogo tu."

Mwalimu Jerop alifuta damu, akaufinya mdomo ule kwa leso, kwa nguvu. Cheruto aliendelea kumtazama bila kubadilika uso. Mwalimu akatoa simu, akampigia Kipngetich.

Hospitalini Nakuru walipokelewa na Daktari Najwa, mtaalamu wa taya, mama wa makamo aliyezungumza polepole. Alipiga picha ya taya, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Cheruto afumbe macho.

"Nitakugusa kwa pamba, au kwa kijiti chenye ncha. Ukisikia, sema."

Baba alisimama karibu na dirisha. Cheruto alizisikia pumzi zake.

"Sasa?" daktari akauliza.

"Nimesikia."

"Na sasa?"

"Nimesikia."

"Na hapa?"

"Nimesikia, daktari. Ni pamba."

"Fumbua macho," Daktari Najwa alisema. Mikono yake ilikuwa mapajani, pamba iko mezani. "Mara hizo zote tatu sijakugusa."

Cheruto aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, yakapita shavuni, na yalipofika kidevuni hakuyasikia tena.

Daktari aliwaonyesha ile picha. Ndani ya taya, chini ya mizizi ya magego, hupita mshipa wa fahamu unaokwenda hadi mdomo wa chini na kidevu. Ile dawa ya kujaza jino ilikuwa imesukumwa kupita ncha ya mzizi, ikaubana mshipa na kuuchoma, nayo ilibaki humo hata jino lilipong'olewa.

"Mngekuja kesho yake, tungeitoa na kuuokoa mshipa karibu wote," alisema. "Sasa umekaa na sumu hiyo majuma mengi. Nitaisafisha, nitampa dawa, tutaufundisha mdomo upya. Sehemu kubwa huenda ikarudi. Yote, siwaahidi."

Kipngetich alikasirika. "Huyo daktari wa Naivasha nitamshtaki."

"Ana lake la kujibu," Daktari Najwa akasema. "Alipaswa kupiga picha ya pili kabla ya kumwachilia mtoto. Nitamwandikia, na wewe una haki ya kulalamika. Lakini niambie, Cheruto, alikuambia ufanye nini ukisikia umeme?"

"Niinue mkono."

"Ukasikia?"

"Nilisikia."

"Ukainua?"

Cheruto alimtazama baba yake, mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Kipngetich alitoka nje, akakaa kwenye benchi la ukumbini, kofia yake ya kazi mapajani.

Jioni, nyumbani, Kipngetich aliwaeleza wote bila kuficha. Kogo Jepleting alimwita Cheruto, akaushika uso wake kwa viganja viwili, akakipapasa kidevu kile.

"Watu wamenisifu miaka mingi," alisema. "Wanawake wanne walinishika. Mmoja alinikalia miguu. Nilinyamaza kwa sababu kilio kingeleta aibu kwa mama yangu, na jino lingetoka vilevile. Hakuna aliyeniambia niinue mkono, mtoto wangu. Ningepata mtu mmoja tu wa kuniambia hivyo, ningeinua yote miwili."

"Mama, hukuwahi kutuambia," Kipngetich alisema.

"Mlikuwa mnafurahia sana."

Matibabu yalianza, nayo hayakuwa na ushujaa wowote. Baada ya dawa ile kusafishwa, Cheruto alimeza vidonge kila siku. Asubuhi na jioni alikaa mbele ya kioo na kuusugua mdomo kwa pamba, kisha kitambaa laini, kisha kipande cha gunia, akitazama na kukitaja kila kimoja kwa jina, ili ubongo ukumbuke. Aligusisha kijiko cha baridi, kisha cha uvuguvugu. Kwa muda mrefu vyote vilikuwa kitu kimoja, yaani si kitu. Alikula mbele ya kioo ili asijing'ate. Siku nyingine alikitupa kijiko ukutani, na Kogo akakiokota.

Mashindano ya Nakuru yalifika mdomo ukiwa bado umelala. Karanja alipewa tarumbeta. Hakuiweza noti ya juu, kwa hiyo Mwalimu Jerop aliiondoa kwenye wimbo, na shule ikarudi bila kitu. Karanja alimpata Cheruto nyuma ya madarasa.

"Ile kitu ni ngumu," alisema. "Sikujua." Alisimama kidogo, akipiga jiwe kwa kiatu. "Lile jina nimewaambia waache."

"Ungewaambia mapema," Cheruto akajibu, akaondoka. Hakuona sababu ya kumshukuru.

Mwezi uliofuata, akiwa darasani, alisikia kama siafu wanatembea mdomoni. Alipapasa, hapakuwa na siafu. Daktari Najwa alipoambiwa kwa simu alifurahi. Alisema mshipa unaoamka huanza kwa kutekenya. Siafu wakawa sindano, sindano zikawa baridi, na asubuhi moja chai ilimchoma mdomo na Cheruto akaketi akaifurahia ile chai iliyomuunguza.

Mwisho wa mwaka walirudi Nakuru kupimwa.

"Haya, anaendeleaje?" Daktari Najwa alimuuliza Kipngetich.

"Muulize mwenyewe," akajibu. "Mimi nimeacha kumjibia."

Cheruto alifumba macho. Alisema aliposikia, na aliponyamaza ni kwa sababu hakusikia. Mdomo ulikuwa umerudi karibu wote. Sasa aliongea vizuri na kula bila kioo, na tarumbeta aliipiga hadi noti za kati. Kwenye pembe ya kidevu palibaki mahali padogo pasipo na habari ya pamba wala kijiti.

"Hapo patarudi?" aliuliza.

"Sidhani," daktari alisema. "Umeniuliza kweli, nami nakujibu kweli."

"Na noti ya juu?"

"Pengine. Pengine la."

Walitoka wakaketi kwenye ngazi za hospitali. Kipngetich alimgeukia binti yake.

"Nilikulea usilie," alisema hatimaye. "Kusema panapouma na kulia nikavifanya kitu kimoja, kumbe ni viwili. Uvumilivu ni wa maumivu yasiyo na dawa. Yenye dawa husemwa, tena siku hiyo hiyo, kwa mtu anayeweza kusaidia. Na mzazi akikuzuia, mseme hata huyo mzazi. Nilijivunia mtoto asiyesogea, nawe umelipa kwa mdomo wako. Ukiwa na watoto, usiwafundishe nilichokufundisha mimi."

Cheruto hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

"Nimesikia, Baba," alisema.