Mngurumo Ndani ya Albamu

Kila Jumamosi, nikishamaliza kufua sare zangu za shule, Mama aliniita kwa kazi niliyoichukia kuliko zote duniani: kuchomoa friji.

Mama ni mshonaji, na chumba chake cha kushonea ndicho kilichogeuzwa studio. Mablanketi matatu yalitundikwa dirishani, marobota ya vitambaa yakapangwa ukutani, cherehani ikafunikwa shuka. Humo Mama na Mama Mdogo walikuwa wakirekodi albamu yao ya kwanza. Zilikuwa nyimbo nane za kumsifu Mungu kwa midundo ya kisasa, ile inayowafanya hata wazee wa kanisa watikise mabega wakidhani hawaonekani. Wawili hao wameimba pamoja tangu wakiwa na umri wangu wa miaka kumi na miwili. Mama Mdogo ni muuguzi, na Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya kupumzika.

Friji yetu iko ujiani, imeegemea ukuta wa chumba hicho, na inanguruma. Kwa hiyo ikawekwa sheria: kabla ya kurekodi nichomoe, wakimaliza nichomeke. Katikati hapo nisiwashe redio, nisiburute kiti, na rafiki yangu wa jirani asikanyage kwetu. Yaani nilikuwa mfungwa nyumbani kwetu. Na barafu zangu za juisi, nilizozitengeneza Ijumaa kwa mikono yangu, kila Jumamosi jioni nilizikuta maji matupu.

Jumamosi ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nilichomoa friji Mama akiniona, mlango ukafungwa, nikahesabu hadi ishirini, nikaichomeka tena. Wao walikuwa wamevaa hedifoni, muziki umejaa masikioni, wangesikia nini? Nilipowasikia wanaanza sala ya kumaliza, nikachomoa upesi. Jumamosi mbili zilizofuata nikafanya vivyo hivyo, na barafu zangu nikazila ngumu kama inavyotakiwa.

Jumamosi iliyofuata akaja fundi wa sauti. Sisi tulimwita Masikio, kwa sababu kazi yake ni kuchanganya sauti na muziki, na hakuna kinachompita. Siku hiyo sura ilikuwa imemshuka.

"Dada zangu, sina habari nzuri," alisema, akifungua kompyuta yake mezani. "Nyimbo tano zina mngurumo. Muziki ukiwa juu hausikiki, lakini ukitulia, sikilizeni wenyewe."

Akabonyeza. Mama Mdogo alikuwa akiimba taratibu, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, na nyuma yake kulikuwa na friji yetu, nguuuu.

"Friji mlizima?" Masikio akauliza.

Mama akanigeukia. "Ulichomoa?"

"Nilichomoa," nikajibu. Na ni kweli nilichomoa. Nikajishikiza kwenye ukweli huo mdogo kwa kucha zote kumi.

"Basi ni waya mbovu," Masikio akasema, "au simu iliyokuwa karibu na maiki. Vyovyote vile, zote tano zirudiwe."

Mama akamtazama mdogo wake. "Si nilikwambia simu uiache nje?"

"Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, ujiani, dada. Huo waya wako uliofungwa gundi ndio wa kuulizwa."

"Waya wangu una miaka mitatu, haujawahi kunisumbua."

"Na mimi naja hapa macho yamenivimba kwa kukesha wodini, halafu nilaumiwe kwa waya."

Wakasemezana mpaka wakafukua ya utotoni, nani alipendelewa, nani alimwacha nani siku ya mashindano ya kwaya. Masikio akajifanya anatafuta kitu kwenye begi. Mwishowe Mama Mdogo akachukua mkoba wake.

"Tafuta mwingine wa kuimba naye," alisema, akatoka bila hata kuniaga.

Wiki hiyo nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilimkasirikia Mama, nikamkasirikia Mama Mdogo, nikamkasirikia Masikio kwa kusikia sana. Watu wazima gani hawa, wa kugombana kwa sababu ya mngurumo? Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa mwenye kosa. Barafu sikuzigusa.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Mama kwenye cherehani, simu ameibana kwa bega, anaongea na Masikio.

"Toa sauti ya mdogo wangu yote," alisema. "Nitaimba peke yangu. Na kwenye jalada ibaki picha yangu tu."

Mshono aliokuwa akiushona ulikuwa umepinda. Mama hashoni mshono uliopinda.

"Mama, mwambie asitoe kitu."

"Adabu yako iko wapi? Huoni naongea?"

"Ni mimi. Nilikuwa nachomoa friji, halafu mkifunga mlango naichomeka tena. Jumamosi tatu."

Mama akakata simu. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikatamani anichape tu yaishe.

"Vaa viatu," alisema. "Utakwenda kumwambia mwenyewe."

Tulimkuta Mama Mdogo wodini, anakunja mashuka. Nilimweleza yote nikitazama vidole vyangu, machozi yananitoka. Mama alibaki mlangoni.

"Mbona hukusema Masikio alipouliza?" Mama Mdogo akaniuliza.

"Niliogopa. Na mlipoanza kugombana nikaogopa zaidi."

Aliinua macho, akamtazama Mama pale mlangoni. "Dada, ingia basi. Umesimama hapo utadhani umekuja kuomba kazi."

Mama akaingia, akashika ncha mbili za shuka, wakalikunja pamoja.

"Nilikusingizia, mdogo wangu," alisema. "Nisamehe."

"Na mimi mdomo wangu ulinizidi. Jumamosi nakuja, tuanze na ule wimbo wa taratibu."

Kisha Mama Mdogo akanivuta, akanikalisha kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Kuchoshwa na kurekodi kwetu si kosa. Ungesema, tungekupangia namna nyingine. Kudanganya ndilo kosa, na kuliacha likae wiki nzima ndilo kubwa zaidi. Hizo nyimbo tano tutaziimba upya, sauti tunazo. Lakini kimya chako kilikuwa kinaninyang'anya dada yangu, na dada harekodiwi upya."