Gari Lililochelewa Kutoka

Fundi alikuwa amezungushia utepe safu nzima ya maegesho alipomwona dada mmoja akichungulia dirishani mwa gari lake, gauni la kijani limekunjamana kwa joto, marobota ya mapazia yamejaa kiti cha nyuma.

"Kaka, nimezunguka mpaka kizunguzungu. Niegeshe kichwani kwako?"

"Kichwa changu nacho kimejaa," alijibu fundi, akiufungua utepe. "Pita. Ukiulizwa, sema wewe ni dada yangu."

"Na kesho?"

"Kesho tutatafuta undugu mwingine."

Dada yule alikuwa na duka la mapazia katika jengo lile la maduka, na wateja walikuwa wakimkimbia kwa shida ya maegesho. Fundi ndiye aliyekuwa akifunga mitambo mipya: kila nafasi na taa yake, kijani ikiwa wazi, nyekundu ikiwa na gari, na ubao langoni wa kuonyesha pa kwenda. Kazi ilipokwisha, akaachwa hapo aisimamie kutoka chumba kidogo chenye skrini ya kuonyesha kila gari.

Wateja wakarudi. "Zamani nikifika dukani hamu yote imeisha," mama mmoja alimwambia muuza mapazia, akipapasa kitambaa bila haraka. "Siku hizi nafuata mshale tu."

Naye na fundi wakapendana, wakawa hawaishi kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uchovu. Wewe?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Basi utakonda."

Jioni moja, maduka yameshafungwa, fundi akapiga. "Umefika, laazizi?"

"Nimefika zamani. Niko na baba."

Fundi akatazama skrini. Gari la muuza mapazia lilikuwa bado chini kwenye maegesho. Kesho yake likachelewa vilevile, na keshokutwa. Roho ikamuuma. Akaacha kupokea simu. Muuza mapazia akapiga, akaandika, mwisho akachoka, akanyamaza.

Ukimya ulipomshinda, fundi akashuka kwenda kumfumania. Alimkuta peke yake, kiti amekilaza, viatu amevivua, mtandio umefunika macho. Akagonga kioo.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Unayemngoja hapa kila jioni."

Alimtazama kwa macho mekundu. "Simngoji mtu. Nalala."

"Kwenye gari?"

"Baba tangu apooze halali usiku. Ananiita, namgeuza, ananiita tena. Asubuhi duka. Jirani anayekaa naye mchana hunivumilia kidogo, basi najilaza hapa. Hapa haniiti mtu."

"Mbona ulinidanganya?"

"Ungeshuka. Ningelazimika kutabasamu, nami hata tabasamu nilikuwa sina." Akavuta mtandio. "Na wewe ukanipeleleza kwa mashine yako."

"Nimekukosea. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza."

Fundi akaegemea mlango wa gari. Naye alikuwa hajalala vizuri siku zote hizo.

"Usiku mwingine nikae mimi na mzee. Wewe ulale kitandani kama watu."

"Atakuuliza wewe ni nani."

"Nimwambie nini?"

Dada alitafuta kiatu kwa mguu. "Mwambie unataka kunioa. Lakini polepole. Ana presha."

"Leo?"

"Leo." Akahamia kiti cha pili, akamwachia funguo. "Endesha wewe."

Walipotoka langoni dada alikuwa tayari amelala, na fundi hakuwa amewahi kufika kwao. Hakumwamsha; alimwacha alale. Akageuza usukani, akaingia barabara yenye foleni ndefu kuliko zote.